Rufaa ya Mnyonge: Nani Huvushwa Ng'ambo Kutibiwa?

KISWAHILI kimelipa neno moja kazi mbili ambazo, kwa mtazamo wa haraka, hazina uhusiano. Neno lenyewe ni rufaa. Jijini Nairobi tuna Mahakama ya Rufaa, na vilevile tuna hospitali ya rufaa. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kuinua: jambo lililomshinda aliye chini huinuliwa hadi kwa aliye juu yake, mwenye ujuzi na mamlaka zaidi.

Lakini hebu tuvitazame vitenzi vinavyoandamana na neno hilo. Mahakamani mtu hukata rufaa. Hospitalini mtu hupewa rufaa. Anayekata ni mtendaji. Anasimama kwa miguu yake mwenyewe na kudai haki yake. Anayepewa ni mpokeaji; anaketi kwenye benchi akisubiri hisani. Wanafunzi wa isimu watanielewa upesi nikisema kuwa tofauti hii si ya sarufi pekee. Ni tofauti kati ya haki na fadhila, na hakuna mahali inapojidhihirisha wazi kama katika suala la wagonjwa wanaohitaji upasuaji ambao haufanywi hapa nchini.

Ngazi ya tiba nchini Kenya ina vidato sita, kuanzia kwa wahudumu wa afya wa kijamii hadi hospitali kuu za kitaifa. Mkazi wa Kawangware huanzia katika zahanati ya mtaa au kituo cha afya cha Riruta. Maradhi yakizidi hupelekwa Mbagathi, hospitali iliyopakana na Kibera. Mbagathi ikishindwa, huandikiwa barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta. Hapo ndipo kilele cha ngazi yetu. Kinachofuata si kidato tena bali ni bahari: India, Afrika Kusini, Uturuki, Uingereza.

Kijiografia, watu wa Kibera wana bahati. Mtu anaweza kutoka Laini Saba na kuifikia hospitali ya Kenyatta kwa miguu. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 kama hospitali ya wenyeji, ikapewa jina la Mfalme George wa Sita mwaka 1952, na baada ya uhuru ikachukua jina la Rais wa kwanza. Tangu mwaka 1967 ndipo wanapofunzwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Maadamu hospitali kubwa kuliko zote nchini iko umbali wa matembezi, mtu angetarajia kuwa jirani yake ndiye angekuwa wa kwanza kufaidi. Hata hivyo, ukaribu wa miguu si ukaribu wa tiba.

Historia fupi itatusaidia kuelewa. Mwaka 1965 serikali ya Kenya iliondoa ada kwa wagonjwa wa kutwa katika hospitali za umma. Mwaka uliofuata ikaunda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyowalenga hasa wenye mishahara. Mnamo Desemba 1989 ulikuja utaratibu ulioitwa ugavi wa gharama. Ulisitishwa mwaka 1990 kutokana na malalamiko, kisha ukarejeshwa mwaka 1992. Msomaji azingatie jina hilo. Kugawana ni neno tamu. Humpa msikilizaji picha ya ndugu wawili wakimega mkate. Lakini pale ambapo mmoja hana kitu, kugawana gharama maana yake ni kuachiwa mzigo.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF. Sasa mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kuhusu matibabu ya ng'ambo, mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwa bima hii italipia huduma zisizopatikana nchini kwa kikomo cha shilingi 500,000.

Hesabu ya kibarua

Nusu milioni ni fedha nyingi kwa mkazi wa mtaa wa mabanda. Je, zinatosha? Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa ujenzi anaishi Gatina, Kawangware. Tuseme hupata shilingi 600 kwa siku, na hupata kazi siku 26 kwa mwezi, jambo ambalo ni nadra kwa kibarua. Pato lake ni shilingi 15,600 kwa mwezi, yaani 187,200 kwa mwaka. Mchango wake wa bima kwa kiwango cha asilimia 2.75 ni shilingi 429 kwa mwezi. Mpango ulipoanza, watu wa aina yake walitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani zaidi ya shilingi 5,000 kutoka kwa mtu anayelipwa kila jioni na kununua unga kila jioni.

Sasa tuseme mwanawe anahitaji upasuaji India, na kwamba gharama zote ni shilingi milioni moja na nusu. Bima ikilipa 500,000, itabaki milioni moja. Ili kuzipata kwa jasho lake, fundi huyu atafanya kazi kwa zaidi ya miaka 5 bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba, na bila kumlipia mtoto karo. Tena hapo hatujazungumzia nauli ya anayemsindikiza mgonjwa, ada za viza, wala chumba cha kupanga karibu na hospitali wakati wa marudio. Ikiwa maradhi ni ya figo, ndugu anayejitolea figo yake naye lazima asafiri, na anaporudi hawezi kubeba mawe ya ujenzi kwa muda mrefu.

Kikwazo kingine hutangulia fedha. Hakuna safari ya ng'ambo bila pasipoti, na hakuna pasipoti bila kitambulisho. Wanubi wa Kibera, ambao mababu zao walikuwa askari wa jeshi la kikoloni, kwa miaka mingi walilazimika kufika mbele ya kamati za kuwahoji kuhusu asili yao kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika inayoshughulikia haki na ustawi wa mtoto iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Kijana wa Makina anayeugua moyo hana muda wa kusubiri kamati imwamini kwamba babu yake alizaliwa hapa.

Mintarafu pengo la fedha, kila Mkenya analijua jibu lake: harambee. Neno hili lilikuwa mwito wa wachukuzi waliovuta mzigo mzito kwa pamoja, na Mzee Kenyatta akaligeuza kuwa wito wa taifa. Shule ngapi zilijengwa kwa harambee! Siku hizi, tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, harambee ya matibabu imehamia kwenye simu. Picha ya mgonjwa husambazwa pamoja na nambari ya kutuma mchango. Makanisa, misikiti, vyama vya akina mama na wanafunzi waliosoma naye huchanga walicho nacho.

Moyo huu ni wa kusifiwa. Hata hivyo, harambee ina kasoro ambayo hatupendi kuitaja. Hufuata umaarufu, wala haifuati haja. Mtu mwenye jamaa wengi wenye kazi huchangiwa upesi. Mjane wa Gatwekera ambaye marafiki zake wote huuza mboga atachangiwa shilingi hamsini hamsini, na siku zitampita. Kwa maneno mengine, anayehitaji zaidi ndiye anayezungukwa na watu wasio na kitu. Harambee ilikusudiwa kuusukuma mzigo ambao serikali ilikuwa tayari inauvuta. Haikukusudiwa kuwa bima ya taifa.

Viongozi na njia yao

Haiwezekani kuizungumzia Kibera na matibabu ya ng'ambo bila kumtaja marehemu Ken Okoth. Alizaliwa Kibera mwaka 1978, akasoma Starehe, akaendelea na masomo Marekani, na mwaka 2013 akawa mbunge wa kwanza wa eneo jipya la Kibra. Wengi wanamkumbuka kwa juhudi zake za kujenga shule na kuwapa karo watoto wa mtaani kwake. Mnamo Februari 2019 alitangaza hadharani kuwa anaugua saratani ya utumbo mpana, na kwamba anatibiwa Paris. Alirejea nyumbani na kufariki jijini Nairobi tarehe 26 Julai 2019.

Mwezi huo ulikuwa mzito. Tarehe 1 Julai alikuwa amefariki Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom, aliyekuwa ametibiwa Uingereza. Tarehe 29 akafariki Joyce Laboso, Gavana wa Bomet, aliyekuwa ametibiwa Uingereza na India. Mtangulizi wa Okoth katika kuiwakilisha Kibera, Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia mwaka 1992 hadi 2013, naye aliaga dunia tarehe 15 Oktoba 2025 katika jimbo la Kerala, India, alikokwenda kwa matibabu.

Sitaji majina haya kwa kejeli. Kila mgonjwa hutafuta uhai popote anapoweza kuupata, na Okoth alifanya jambo la ushujaa alipoutaja ugonjwa wake kwa jina lake katika nchi ambapo saratani husemwa kwa kunong'ona. Hoja yangu ni nyingine. Wabunge wawili walioiwakilisha Kibera kwa kufuatana walipata njia ya kwenda ng'ambo. Waliowapigia kura hawana njia hiyo. Wakati wa mazishi sote tulilia pamoja. Wakati wa maradhi tulikuwa tumetengana zamani.

Hata miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu, utengano huo upo. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu ana mpango wa bima kupitia mwajiri wake. Mwenzake anayefundisha somo lilelile katika shule ndogo ya mabati huko Lindi hana mpango kama huo. Wote wawili hufundisha Kiswahili na kusahihisha insha usiku, lakini mapafu yao hayana thamani sawa mbele ya karani wa malipo.

Wapo watakaouliza: je, ni busara kutumia shilingi milioni kadhaa kumpeleka mtu mmoja India ilhali fedha hizo zingewatibu mamia ya watoto wenye malaria na kuhara? Swali hili si la kupuuzwa. Mfuko wa umma una mwisho, na kila shilingi inayotoka kwa mmoja imekosekana kwa mwingine. Lakini hoja hiyo ingekuwa na mashiko zaidi kama ingetumiwa kwa usawa. Wabunge wana bima ya afya inayolipiwa na fedha za umma, na sijawahi kusikia ikielezwa kuwa matibabu ya kiongozi ni malaria ya watoto mia. Ikiwa lazima tuchague, na tuchague kwa vigezo vilivyoandikwa na kutangazwa: ukubwa wa haja, uwezekano wa kupona, na muda ambao mgonjwa amesubiri. Kujuana kusiwe kigezo.

Daktari naye asafiri

Isitoshe, kumpeleka mgonjwa kwa daktari si njia ya pekee. Daktari anaweza kuletwa kwa mgonjwa, na bora zaidi, ujuzi unaweza kuletwa ukabaki. Jirani zetu Watanzania wametupa funzo hapa. Kwa miaka mingi serikali yao iliwapeleka wagonjwa India kwa gharama ya umma, hususan wa moyo na figo. Kisha wakaanzisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Mwezi Juni 2017 hospitali ya Muhimbili ikaanza kupandikiza vifaa vya kusaidia usikivu kwa watoto viziwi, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka India. Mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma nayo ikapandikiza figo. Mhindi aliyekuwa akifuatwa ng'ambo alikuja kusimama bega kwa bega na madaktari wenyeji, nao wakajifunza.

Wala sisi si wanyonge wa ujuzi. Mnamo Novemba 2016 madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walifanya upasuaji wa saa 23 na kuwatenganisha mapacha walioungana. Mwanzoni mwa mwaka 2018 hospitali hiyohiyo iliurudishia mwili wa kijana mkono uliokatika. Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Uganda, ilipoharibika, hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 kutoka huko. Kwa Mganda, Nairobi yenyewe ni ng'ambo ya matibabu. Ni ajabu basi kwamba mkazi wa Kawangware huziona hospitali hizo mbali kama Mumbai.

Tatizo letu ni kwamba hupenda kununua chombo kabla ya kumtafuta fundi. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha mitambo ya kisasa kwa hospitali 98. Kamati ya Seneti ilipouchunguza mpango huo mwaka 2020, iligundua kuwa baadhi ya mitambo ilikaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, umeme au majengo. Kati ya Desemba 2016 na Machi 2017 madaktari wa umma waligoma kwa siku 100, na mwaka 2024 wakagoma tena kwa karibu miezi miwili. Mwaka 2018 tuliwaleta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba, na mpango huo ukamalizwa mwaka 2023. Aidha, mjini Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na Kenya haijaitimiza ahadi hiyo. Mwenye kupanda mtambo bila kumlea daktari asishangae kuvuna safari za ng'ambo.

Sasa nirejee katika uwanja wangu, yaani lugha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na njia za matibabu zilizopo, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria imesema. Lakini barua ya rufaa huandikwa kwa Kiingereza. Fomu za kuomba kutibiwa nje ni za Kiingereza. Hati ya idhini ya upasuaji, ambayo mtu hutia sahihi akikubali mwili wake upasuliwe, aghalabu ni ya Kiingereza. Mtu anayekubali asichokielewa hajakubali, ametii tu.

Athari yake si ndogo. Mgonjwa asiyejua kilichoandikwa hawezi kuuliza kama upasuaji huo kweli haupatikani nchini, au kama kuna hospitali nyingine ya umma inayoufanya. Hawezi kujua ombi lake limekwama katika ofisi gani. Huuza kiwanja cha urithi kwa ajili ya safari ambayo pengine haikuwa ya lazima, au hukaa nyumbani akidhani amekataliwa kumbe karatasi moja tu ndiyo iliyokosekana.

Kisingizio kwamba Kiswahili hakina msamiati wa tiba kimechakaa. Upandikizaji, figo, mionzi, saratani, ganzi, nusukaputi: maneno haya yapo na hutumika redioni kila siku. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametunga hata Kamusi ya Tiba. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kinachokosekana ni nia ya kuchapisha fomu moja kwa lugha mbili.

Hapa walimu na wanafunzi wana kazi ya kufanya. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili anaweza kuchukua fomu halisi ya hospitali na kuipa darasa kuwa zoezi la tafsiri, badala ya vifungu vikavu vya vitabuni. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetafuta mada ya tasnifu na achunguze jinsi daktari na mgonjwa wanavyoelewana, au wasivyoelewana, katika vituo vya afya vya mitaa hii. Na kijana wa kidato cha nne anayejua kusoma amsomee jirani yake barua ya rufaa mstari kwa mstari kabla hajatia sahihi.

Kwa serikali, ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha ya upasuaji usiopatikana nchini ibandikwe kwa Kiswahili katika kila hospitali ya umma, pamoja na majina ya hospitali za Kenya zinazofanya huduma zinazokaribiana nayo. Pili, kila anayeomba kupelekwa ng'ambo ajibiwe kwa maandishi katika muda uliowekwa, na akinyimwa apewe sababu na mahali pa kulalamika. Tatu, kwa kila kundi la wagonjwa wanaopelekwa nje kwa maradhi ya aina moja, daktari Mkenya apelekwe kujifunza tiba hiyo, ili orodha ipungue mwaka hadi mwaka.

Hakuna geni katika hayo. Mahakama huandika sababu za hukumu, huweka siku, na humsikiliza hata mfungwa asiye na wakili. Ikiwa mwizi wa kuku ana haki ya kukata rufaa na kujibiwa, mtoto wa Kibera mwenye tundu moyoni hastahili pungufu ya hapo. Siku tutakapoanza kusema kwamba mgonjwa amekata rufaa, wala si kwamba amepewa, tutakuwa tumerekebisha zaidi ya kitenzi.